Kitendawili Bila Mtegaji: Mvuto wa Makaburi katika Hadithi za Kusaka Hazina

Hadithi za wasafiri wanaoingia makaburi ya kale zina wapenzi wengi, iwe vitabuni, katika filamu au katika michezo ya kompyuta. Mvuto wake hauelezwi na dhahabu peke yake. Kiini chake ni fumbo: mlango uliofungwa, alama zisizosomeka, mtego unaomngoja asiyejua. Kwa maana hiyo kaburi ni kitendawili. Lakini kitendawili cha Waswahili kina watu wawili, anayetega na anayetegua, na anayeshindwa ndiye atoaye mji. Basi kaburini nani anatega?

Katika riwaya ya H. Rider Haggard ya mwaka 1885, aliyoitafsiri Frederick Johnson kwa jina la *Mashimo ya Mfalme Sulemani* (1929), mtegaji yupo. Njia ya kuiendea almasi hupita ukumbi wa wafalme waliokufa, ambao matone ya maji yamewageuza mawe. Gagool, kikongwe aijuaye siri, ndiye anayewaongoza wageni na ndiye anayewafungia humo. Mwandishi amemchora kwa chuki, lakini hakumnyima kauli. Nchi nayo ina mfalme aliye hai.

Karne moja baadaye kauli hiyo imefifia. Katika mchezo wa *Tomb Raider* (1996), Lara Croft hupita mapango na makaburi ya Peru akipambana hasa na wanyama na mitego. Hakuna wa kupigiwa hodi. Riwaya ya Michael Crichton, *Congo* (1980), iliyotolewa filamu mwaka 1995, inaigusa Goma yenyewe, kwani mji wake uliopotea, Zinj, umewekwa katika ukanda wa Virunga. Jina hilo latokana na Zanj, neno ambalo wanajiografia wa Kiarabu waliwaitia watu wa pwani ya Afrika Mashariki. Limehamishwa kutoka pwani yenye watu na lugha, likapewa magofu yanayolindwa na gorila wa kijivu. Mwishowe volkano inalipuka, magofu yanafunikwa, wageni wanaondoka kwa puto.

Hapo ndipo msomaji wa Goma anapoachana na mtunzi. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 17 Januari 2002, lava ilipita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu, na wakazi wakarudi kujenga juu yake. Katika filamu lava hufunga hadithi. Goma, chini ya lava mna nyumba na viwanja vyenye wenyewe.

Hii si hoja ya kuikataa starehe ya fumbo. Mtunzi wa Kiswahili anayeitamani fani hii anaweza kumrudisha mtegaji: mlinzi mwenye lugha, ukoo unaowadai wafu wake, swali ambalo mgeni aweza kulishindwa. Na akishindwa, mji autoe yeye.