Besi ya Jamerson, Kidole cha Jamerson

Wapenzi wa besi za zamani huitamka "Precision ya 1962" kama jina la walii. Fender ya mwaka huo ndiyo aliyoipiga James Jamerson wa Motown, Detroit, na leo watu hutoa maelfu ya dola wapate mbao za umri uleule. Lakini sauti ile ilikaa wapi? Jamerson alipiga kwa kidole kimoja, cha shahada. Nyuzi hakuzibadilisha ila zikikatika, na chini ya kifuniko cha chuma palikuwa na sponji ya kufupisha mlio. Mkusanyaji wa leo angezitupa nyuzi zile kabla hajazisikiliza.

Bei hainikeri; kila mtu na ugonjwa wake. Kinachonikera ni kwamba Motown haikuwataja wapigaji wake wa studio kwenye jalada la albamu hadi What's Going On ya Marvin Gaye, 1971. Miaka yote ile ya vibao, kidole hakikuwa na mwenyewe. Sasa gitaa lina wasifu kamili: mwaka, rangi, uzito, namba. Wanunuzi huuliza hata kama skrubu ni za asili. Sijasikia anayeuliza Jamerson alilipwa kiasi gani kwa wimbo mmoja.