Ufundi wa Kuandika Ndoto ya Kisasi

Mwandishi anayempeleka mhusika wake usingizini akajifunze kulipa kisasi amejitwika kazi nzito. Ndotoni lolote lawezekana, na pasipo mpaka msomaji haogopi tena. Hapo ndipo fundi anapotambulikana: huiwekea ndoto sheria, kisha huzitii mwenyewe hadi ukurasa wa mwisho.

Hata maabara zinamuunga mkono. Mwaka 1975, katika Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, Keith Hearne alinasa ishara za macho za mtu aliyelala fofofo huku akijua kwamba anaota. Mwaka 2010 Daniel Erlacher na Michael Schredl walichapisha utafiti wa watu waliojaribu kujizoeza kutupa sarafu kikombeni wakiwa katika ndoto ya aina hiyo. Walioweza kuliota zoezi waliamka na shabaha bora, lakini walioweza walikuwa wachache. Uchache huo ni hazina kwa mtunzi. Mwanafunzi wa kisasi na aamke usiku baada ya usiku mikono mitupu, ili pigo atakalolipata hatimaye liwe na thamani.

Riwaya ya Kiswahili ina walimu wa kazi hii. Euphrase Kezilahabi, katika Nagona na Mzingile, aliondoa ukuta kati ya njozi na macho. Said Ahmed Mohamed, katika Babu Alipofufuka ya mwaka 2001, alimrudisha marehemu amkabili mjukuu wake mwenye cheo. Mzuka ule unadai hesabu ya maisha, ndiyo maana unatikisa.

Nisomapo riwaya za namna hii huiwaza Kishushe, nyanda kavu chini ya milima ya Taita, jirani na mbuga ya Tsavo Magharibi. Ardhini mna madini ya chuma. Usiku ndovu huvamia mashamba. Anayeamka akakuta mahindi yake yamelazwa chini ana uchungu wa kutosha riwaya nzima.

Lakini Wataita wana elimu yao ya kale juu ya uchungu huo. Mwanaanthropolojia Grace Harris aliiandikia kitabu mwaka 1978. Hasira iliyofichwa moyoni, iwe ya aliye hai au ya mzee aliyekwisha kufa, iliaminika kuleta maradhi na mikosi. Dawa yake ilikuwa kutasa: mtu hupiga funda la maji au pombe ya muwa, akalipuliza nje kwa mnyunyizo huku akitamka maneno ya kuitoa hasira na kuomba amani.

Riwaya ya kisasi inahitaji sauti hiyo ya pili; bila yake hubaki orodha ya mapigo. Usiku shujaa anajifunza kupiga, mchana wazee wake wanamtaka ateme hasira. Mtunzi hodari humfikisha mbele ya adui akiwa na uwezo kamili wa kummaliza, na msomaji asijue kama atainua mkono au atapuliza funda.

Vijana wa Taita Taveta mnaoandika, riwaya hiyo ni haki yenu. Waulizeni wazee wangali hai, wekeni sheria za ndoto yenu, kisha iandikeni kwa Kiswahili.