Kutembea, Kuzurura na Mistari ya Mji

Miongoni mwa nadharia zilizoingia katika uhakiki wetu bila kuulizwa kipande ni ile inayomtazama mtembezi wa mjini kama msanii. Asili yake ni Ufaransa. Mwaka 1956 Guy Debord alieleza mchezo wa kuacha shughuli zote na kwenda popote mji unapomvuta mtu. Na mwaka 1980 Michel de Certeau akadai kwamba kutembea ni kwa mji kama usemi ulivyo kwa lugha. Barabara, kwa hiyo, ni mfano wa sarufi, na hatua za mpita njia ni sentensi azitungazo mwenyewe. Mwanaisimu hana sababu ya kuukataa mfano huu. Tunachouliza ni nani aliyeruhusiwa kusema.

Tuutwae mji wa Nakuru, uliopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021. Mitaa yake ya kati, iliyozaliwa na reli, imenyooshwa kwa rula ya mpima ardhi. Juu yake lipo duara la kasoko ya Menengai, na chini ziwa ambalo ukingo wake haukubali kutulia. Ashukaye kutoka Bahati huona mistari ya namna mbili ikigombana: mipaka ya mashamba ya walowezi, na vijia vilivyopinda, vilivyochorwa na nyayo. Mwaka 1967 Mwingereza Richard Long alikwenda na kurudi katika uwanja wa majani hata ukatokea mstari, akaupiga picha, ukahesabiwa kuwa sanaa. Vijia vya Bahati havina sahihi ya mtu, wala hatujasikia jumba la sanaa lililoviomba.

Lakini uzito wa jambo hili umo katika msamiati. Neno la Kiswahili la kwenda bila shabaha, lisilo na lawama, ni adimu. Matembezi mara nyingi yana mwenyeji anayengojea; kuranda kuna madaha; kutanga kuna dhiki; kuzurura kuna askari. Hata anayepunga upepo ameutaja upepo kuwa shughuli yake. Na huyo askari si tamathali. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia mwanamume Mwafrika nchini Kenya alilazimishwa kuchukua kipande, akakivaa shingoni, na mtoro wa kazi alisakwa kwa hicho hicho. Sheria ya uzururaji haikufutwa ila mwaka 1997. Mhakiki akisema kwamba Ben na Ocholla, katika *Going Down River Road* (1976) ya Meja Mwangi, wanaucheza mji wa Nairobi kwa miguu, hajakosea kabisa, maana utani ni wao. Ila njia wamepangiwa na mfuko.

Kundi la Debord lenyewe lilikuwa na ushahidi huu. Mwaka 1958 Abdelhafid Khatib, Mwaljeria, alianza kuueleza kwa miguu mtaa wa Les Halles mjini Paris. Polisi walikuwa wamewakataza watu wa Afrika Kaskazini kuwa barabarani baada ya saa tatu na nusu usiku. Alikamatwa mara mbili, akaiacha kazi. Makala yake yalichapwa mwaka huo huo yakiwa pungufu, na sababu ikaelezwa. Kwa maoni yetu, upungufu huo unamfaa mhakiki wa Kiswahili kuliko nadharia iliyokamilika, na ni ajabu kwamba Debord hutajwa mara nyingi huku Khatib akisahauliwa.