Katika 'Bembea ya Maisha', yaliyopita ni ndwele

KUNA methali tunayoikimbilia kila tunapotaka mazungumzo magumu yaishe: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ndwele ni ugonjwa. Tamthilia ya Timothy Arege, Bembea ya Maisha, inaipinga methali hiyo. Katika nyumba ya Sara na Yona, yaliyopita ndiyo ndwele yenyewe.

Hebu tazama. Sara anaugua. Yona, aliyekuwa mwalimu, alizama katika pombe na kumpiga mkewe baada ya walimwengu kuwasimanga, kwanza kwa kuchelewa kupata mtoto, kisha kwa kupata mabinti watupu, ati hakuna mrithi. Sasa ni binti, Neema, anayegharamia matibabu ya mama, huku mumewe Bunju akishikilia kuwa mila hairuhusu mama mkwe kulala kwake. Sehemu kubwa ya mateso ya zamani hatuyaoni jukwaani; tunasimuliwa. Tunachokiona ni mwili wa mgonjwa. Arege anaficha siku ya kukopa, anatuonyesha siku ya kulipa. Na bembea, kama sote tujuavyo, hupata nguvu ya kwenda mbele kwa kurudi nyuma kwanza.

Wanafunzi wa sekondari huisoma kwa ajili ya KCSE, wengi wakikariri maudhui ya ulevi na ndoa. Wakiiigiza, mlevi anayumbayumba na ukumbi unaangua kicheko. Basi mwongozaji akizime kicheko hicho mapema, maana anayelipia kuyumba huko amelala kitandani.

Nina lalamiko moja. Majuto ya Yona yamepewa nafasi, lakini Sara anastahimili zaidi kuliko anavyodai. Nilitamani kumsikia akiyataja makosa waziwazi, mbele ya mumewe, kabla sisi hadhira hatujaanza kumhurumia Yona. Msamaha usiotanguliwa na ukweli ni bandeji juu ya usaha.

Sisemi haya kwa nadharia tu. Kutoka hapa Kiplombe si mbali na Kiambaa, ambako kanisa lilichomwa Januari 1, 2008, watu wakiwa wamekimbilia ndani. Nasi pia huambiana yaliyopita si ndwele. Lakini jamani, ni mganga gani anayetibu bila kuuliza maumivu yalianza lini?