Kuirudia Congo ya Crichton chini ya Nyiragongo

Michael Crichton alichapisha riwaya ya Congo mwaka 1980. Filamu yake, iliyoongozwa na Frank Marshall, ikatoka 1995. Katika riwaya, kampuni moja ya Houston inatafuta almasi za buluu za kuundia kompyuta zenye kasi isiyo na mfano. Almasi hizo zimo katika mji uliopotea wa Zinj, ndani ya msitu wa Virunga, na zinalindwa na gorila wa kijivu wanaoponda vichwa vya watu kwa mawe. Mwishowe volkano iitwayo Mukenko inalipuka na kufukia kila kitu.

Filamu nitaipita haraka. Inachekesha pale inapotaka kutisha, na gorila wake ni watu waliovaa mavazi ya manyoya. Riwaya ndiyo yenye nguvu, kwa sababu Crichton alijua kumfanya msomaji aamini: ramani, satelaiti, takwimu, saa inayohesabiwa.

Hata hivyo, kwa msomaji wa Gisenyi imani hiyo inavunjika mapema. Zinj ni jina ambalo wanafunzi wa Kiswahili tunalifahamu vizuri. Waandishi wa Kiarabu kama al-Masudi waliita Zanj pwani na watu wa Afrika Mashariki, na ndilo lililomo ndani ya jina Zanzibar. Crichton amelichukua jina la pwani yenye bandari na wafanyabiashara, akalipandisha hadi Virunga, kisha akawaondoa watu. Almasi nazo amezihamisha. Kongo inazichimba zaidi Kasai, mbali na huku.

Kuhamisha vitu ni haki ya mtunzi. Ninachokilalamikia ni huko kuondoa watu. Waafrika wa riwaya hii wengi ni wapagazi wa msafara, au Wakigani, kabila la kubuni la wala watu. Mukenko inapolipuka, taharuki yote ni kama wageni wachache watatoka salama. Hakuna mji unaokimbia. Nyiragongo yenyewe ililipuka Januari 1977, miaka mitatu kabla ya riwaya, ikalipuka tena 2002 na 2021. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 watu wa Goma walivuka mpaka kuja Rubavu wakiwa na magodoro na watoto mgongoni. Siku zilizofuata matetemeko yakapasua nyumba za upande wetu.

Hapo ndipo palipokuwa na hadithi bora kuliko ya gorila. Hofu ya siku zile haikuwa lava peke yake, bali ziwa. Chini ya Kivu kuna takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za methani, na wanasayansi wanajua kwamba msukosuko mkubwa wa volkano unaweza kuziachia. Hili halikuwa siri mwaka 1980: tangu miaka ya 1960 methani ilikuwa ikitolewa Rubona kwa ajili ya kiwanda cha bia cha hapa Gisenyi. Mwandishi aliyependa sayansi kiasi kile alilipita ziwa akaenda kubuni nyani wauaji!

Jambo moja alilibashiri vizuri mno: kwamba kompyuta zingewaleta watu Kivu kugombania mawe. Alikosea jiwe tu. Ni koltani, inayotoa tantali ya simu zetu.

Jiwe hilo ndilo kiini cha Neptune Frost, filamu ya Saul Williams na Anisia Uzeyman iliyopigwa Rwanda na kuoneshwa Cannes mwaka 2021. Nakiri msuko wake ni ukungu. Mara mbili nimeitazama na bado kuna matukio nisiyoweza kuyapanga. Lakini wahusika wake wanasema Kinyarwanda, Kirundi, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza, wakichanganya jinsi tunavyochanganya sokoni, wala hakuna mgeni anayesimama katikati kututafsiria. Matalusa ni mchimbaji, na kijiji cha wadukuzi anachokifikia kimejengwa kwa mabaki ya kompyuta, yaani jiwe limerudi nyumbani likiwa takataka. Na kifo cha kwanza ni cha ndugu yake, Tekno, aliyesimama kidogo mgodini kulitazama jiwe aliloliinua. Kwa Crichton angekuwa mpagazi, na msafara ungeendelea bila yeye.