Nuru ya Bahari ya Kusini katika Turubai za William Hodges

William Hodges (1744–1797) alijifunza kazi yake akiwa mwanagenzi wa Richard Wilson, mchoraji wa Wales aliyekaa Italia kwa miaka kadhaa na kurejea London na mtindo uliotokana na picha za Claude Lorrain, ambamo sehemu ya mbele ya picha hutiwa giza la kahawia, miti husimamishwa pembeni, na jicho la mtazamaji huongozwa polepole hadi kwenye upeo wenye rangi ya dhahabu. Nuru ya aina hiyo ilikuwa chombo cha kupangia picha, wala haikulazimika kuwa ya saa fulani au ya hali fulani ya hewa.

Mwaka 1772 Hodges aliajiriwa kuwa mchoraji wa safari ya pili ya Kapteni James Cook, na meli ya Resolution ilipotia nanga karibu na Rasi ya Tumaini Jema mwishoni mwa mwaka huo, alipaka mandhari ya Mlima Table kwa rangi za mafuta akiwa melini. Uamuzi wa kupaka picha akiwa melini ulibadilisha mengi. Mtu anayetazama kutoka majini hana miti ya kusimamisha pembeni wala ardhi ya kutia giza mbele yake, hivyo mpangilio wote wa picha ukaachiwa mawingu, mvua na miale inayopenya kati yake. Humo melini walikuwamo pia wanasayansi, akiwemo mwanaastronomia William Wales, ambao walipima joto na mgandamizo wa hewa kila siku, na ni vigumu kuamini kwamba mchoraji aliyeishi nao hakuanza kuiona anga kama jambo linalostahili kuchunguzwa kwa usahihi uleule.

Badiliko hilo linadhihirika zaidi katika picha ya Bandari ya Pickersgill, iliyoko Dusky Bay, New Zealand, ambako meli ilipumzika mwaka 1773 baada ya kutoka kwenye barafu za kusini. Hapa Hodges alisimama ndani ya msitu na kuielekea nuru, mbinu ambayo huufanya upande wa vitu unaomkabili mtazamaji ubaki kivulini: baharia anavuka kwa gogo lililounganisha meli na nchi kavu, huku maji na milingoti vikipokea mwanga nyuma yake. Giza la mbele, ambalo kwa Wilson lilikuwa kanuni ya karakana, limepata sababu ya kweli, kwa kuwa ni kivuli cha msitu. Uchunguzi wa eksirei ulionyesha kwamba chini ya mandhari hii ya kijani kibichi kuna picha nyingine, ya milima ya barafu ya Antaktika, iliyofunikwa turubai lilipotumika tena.

Aliporudi London mwaka 1775, Hodges alipewa kazi ya kukamilisha picha kubwa za safari hiyo, na mafunzo ya Wilson yakamrudia kwa nguvu. Katika mandhari za Tahiti za mwaka 1776 vilele vya milima vimefunikwa na ukungu wa dhahabu unaofanana mno na ule wa Italia, ingawa kwenye mabonde na juu ya maji bado kuna miguso mizito ya rangi nyeupe na buluu kali, ambayo mafunzo ya Wilson pekee yasingempa.