Wapokeaji Wamezidi

Kuna aya fupi ambayo waandishi wa programu wamekuwa wakiisoma kwa miaka mingi, na sijaona mhakiki aliyeigusa. Huitafuti, inakujia. Umeandikia orodha ya barua pepe ya mradi fulani, yaani ile anwani moja inayofikisha ujumbe kwa wanachama wote, ukauliza kwa nini programu inakwama. Kwa heshima, ukaweka kwenye nakala watu 12 waliowahi kushughulikia sehemu hiyo. Mara mashine inajibu: barua yako imezuiliwa hadi msimamizi aipitie. Sababu? Wapokeaji wamezidi.

Mashine hiyo ni Mailman, programu iliyobeba orodha za Python, za GNU na za vyuo vikuu chungu nzima. Toleo lake la 2.1 linakuja na kikomo cha 10: wapokeaji wakifika hapo, barua inashikwa.

Sasa tuisome hiyo aya kama maandishi. Imezuiliwa na nani? Haisemi. Wamezidi wangapi? Haisemi pia, na hapo ndipo inaponiudhi. Inakutajia kosa halafu inakuficha kipimo. Mgeni hawezi kujua kama akiondoa wawili atapita, ama aondoe wote. Hata WhatsApp, tangu Januari 2019 ilipoanza kutuzuia tusisambaze ujumbe kwa zaidi ya gumzo tano kwa mkupuo, inakutajia hiyo tano ukiwa bado unachagua. Halafu kuna siku za kungoja. Kwa mpangilio wa awali wa Mailman hiyo, muda wa kushikilia barua kabla ya kuitupa ni 0, na 0 hapa maana yake ni kwamba haitupwi kamwe. Inakaa tu, mpaka msimamizi, ambaye mara nyingi anajitolea na ana kazi yake nyingine, akumbuke kuingia.

Kikomo chenyewe si upuzi, tuwe wakweli. Mwaka 1978 Gary Thuerk, mtu wa mauzo wa kampuni ya DEC, alituma tangazo la kompyuta kwa watu karibu 400 kwenye mtandao wa ARPANET. Anwani zilikuwa nyingi mpaka nyingine zikamwagika ndani ya barua yenyewe. Wengi wanaihesabu kuwa spamu ya kwanza. Tangu hapo, safu ndefu ya majina inanuka uchuuzi.

Lakini tusidanganywe kwamba ni shida ya mitambo. Kanuni za barua pepe alizoandika Jon Postel mwaka 1982, RFC 821, ziliitaka seva iweze kubeba wapokeaji 100 kwa ujumbe mmoja, na RFC 5321 ya 2008 bado inasema 100. Kumi ni maoni ya mtu kuhusu adabu, yamevalishwa ovaroli ya fundi. Mwenye orodha anaweza kuibadilisha hiyo namba kwenye ukurasa wa mipangilio, na akiandika 0 kikomo kinatoweka.

Kwa watu wa Linux, adabu ni kinyume kabisa. Ukitaka kutuma kiraka cha kurekebisha kiini cha Linux, kuna hati iitwayo get_maintainer.pl ya kukuorodheshea watunzaji wa sehemu unayoigusa, na unatarajiwa kuwaweka wote kwenye nakala. Kuacha jina ndiyo dharau. Mlango wao ulikagua vitu vingine: barua ya HTML inarudishwa, na kwa miaka mingi hata iliyozidi herufi 100,000. Na nini kilipita? Matusi. Linus Torvalds aliwatukana watu hadharani miaka na miaka, kwa maandishi safi yasiyo na HTML, mafupi vya kutosha. Kichujio hakikuwa na neno. Ilibidi ifike Septemba 2018 ndipo akaomba radhi, akapumzika kwa muda, na mradi ukapitisha kanuni mpya za mwenendo. Mashine ilihesabu kinachohesabika, hiyo nyingine ikaachiwa ngozi ya kila mtu.

Na turudi kwa yule wa watu 12, kwa sababu kisa chake hakijaisha. Barua yake imezuiliwa kwenye orodha peke yake. Wale 12 aliwaandikia moja kwa moja, kwa hivyo wameshaipata. Kikomo hakijawakinga hata mmoja. Mmoja wao, mwenye roho safi, anabonyeza kujibu wote, na jibu lake nalo lina majina yale yale kwenye nakala, kwa hivyo nalo linashikwa. Wa pili anamsahihisha wa kwanza: linashikwa. Watu 13 wanajadiliana na kusuluhisha jambo, huku wanachama wengine wa orodha wasijue kuna mazungumzo. Msimamizi akiingia Alhamisi anakuta foleni ya barua sita zenye kichwa kimoja. Akiwa na haraka ataachilia ile ya mwisho tu, ya "asante, imefanya kazi". Na hiyo ndiyo itakayobaki kwenye kumbukumbu, kwa yeyote atakayekuja mwaka ujao na tatizo lile lile.